Viti Viwili vya Kurudia Nyumbani

Mtaani kwao hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Risiti, naye aliitika bila kinyongo. Miaka nenda rudi alikuwa mkusanya ushuru wa maegesho kwenye mtaa wa maduka ya vifaa vya ujenzi. Alizunguka kati ya magari na kibegi cha turubai kifuani, kalamu sikioni, akichana vikaratasi na kuvibana chini ya waipa. Alitukanwa matusi ya kila aina, ya nguoni na ya kitabuni, na yote yaliingia sikio hili yakatokea la pili. Alikuwa na elimu yake moja, ambayo aliringa nayo hata baada ya kustaafu: mtu hagombani na pesa ndogo akiwa na haraka. Mwache awashe gari ndipo umwendee. Atasonya, atalipa, na atakuwa ameshasahau kabla hajafika kwenye taa.

Sasa mchukue mtu wa namna hiyo umpandishe meli ya utalii.

Safari ililipiwa na binti yao mkubwa. Wazazi wake walikuwa wametimiza miaka arobaini ya ndoa bila kwenda popote pamoja isipokuwa harusini na misibani, na huko nako wanaume hukaa kwao na wanawake kwao. Binti akaona hapana, safari hii wazee wapumzike: ndege ya kwenda, meli wiki nzima, ndege ya kurudi. Mama yake, fundi cherehani aliyewashonea sare za shule nusu ya watoto wa mji na ambaye kwa sababu hiyo aliitwa Mama Sare, alijishonea gauni jipya la rangi ya zambarau, lenye mifuko miwili, kwa ajili ya kupandia ndege tu.

Wiki mbili kabla ya kuondoka, binti alimpigia baba yake simu. "Baba, hawa wa ndege wanatoza ada kidogo ukitaka kuchagua kiti. Niwalipie mkae pamoja?"

Risiti alikuwa mezani, mdomo umejaa. "Kwani ndege inafika vipandevipande? Wa mbele na wa nyuma si wanatua pamoja? Achana nao."

Mkewe alikuwa uani anaanika nguo, hakusikia. Binti akaacha.

Basi wakapangiwa viti na mashine, na mashine haina habari na ndoa ya mtu. Risiti alitupwa mbele dirishani. Mama Sare alipelekwa nyuma kabisa, katikati ya wanaume wawili, jirani na choo. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda ndege. Ilipoanza kutikisika, alitapika kwenye mfuko, mfuko ulipojaa akatapikia gauni la zambarau. Aliyemshikia kichwa na kumfuta kwa karatasi ni mtu baki, ambaye hata jina hakumwambia. Wakati huo mumewe alikuwa huko mbele amelala fofofo, mdomo wazi. Waliposhuka alimwona mkewe gauni limelowa kifuani, macho mekundu. Akamuuliza, "Vipi?"

"Nimefika," alijibu Mama Sare.

Asubuhi ya kwanza melini, walipokuwa wamekaa kitandani kila mmoja ukingo wake, ndipo alipolisema lililomkaa moyoni. "Sikia, Baba watoto. Siku ya kurudi nataka kukaa na wewe. Chakula nimekiona, maji nimeyaona, sitaki kingine. Nataka kule juu nikigeuka nikuone. Kama utashindwa niambie mapema, nijikaze."

"Utaniona, mke wangu. Naapa."

Aliapa vizuri, kwa sauti ya mwanamume. Ila hakumwambia kwamba hata kule kwenda wangeweza kukaa pamoja, na kwamba aliyekataa ni yeye. Neno lilifika kooni likakwama hapo, na tangu dakika hiyo roho yake ikawa juu, haikushuka tena.

Alimpigia binti kabla meli haijang'oa nanga. Binti akamweleza polepole, kama anavyofundishwa mzee kutumia simu. Kukaa pamoja kuna njia mbili. Ama walipie ile ada sasa hivi, ni kidogo tu, Baba. Ama wasubiri chekini ya mtandaoni, ile ya kujiandikisha safari kwa simu, ifunguliwe siku moja kabla ya safari, waingie mapema kabla ya watu, na huenda mashine ikawapa viti vya pamoja bure. "Lakini huenda, Baba. Si lazima. Nilipie?"

"Subiri kwanza," alisema Risiti.

Jamani, asubiri nini? Mke keshasema anachotaka, ada inajulikana, pesa anayo. Lakini lile neno "kidogo" lilikuwa limemchoma. Kidogo lilikuwa neno lake! Yeye ndiye aliyewaambia madereva, "Bosi, ni kidogo tu." Na humo melini walimsemea neno hilo kila alipogeuka. Maji ya bombani ni bure, ya chupa kidogo. Kahawa ya kawaida bure, ile yenye povu kidogo. Juisi ya boksi bure, ya kukamuliwa mbele yako kidogo. Baharini simu haikushika mtandao, na intaneti ya meli nayo ni kidogo. Mpiga picha aliwavizia mlangoni, akawapiga, kisha akataka kidogo waione picha yao wenyewe. Na kila asubuhi karatasi ilipenyezwa chini ya mlango kuonyesha ada ya huduma ya jana, ambayo hukuiomba na huwezi kuikumbuka. Risiti aliisoma akiwa amesimama na pajama. Alihisi kama mtu aliyebanwa kwa kabali aliyoivumbua mwenyewe.

Kosa lake, na ni kosa ambalo angeweza kulifanya mkusanya ushuru peke yake, ni kwamba aliamini nyuma ya kila ada kuna mtu. Kule mtaani kwake mtu huyo alikuwa yeye. Ukimwendea ukasema, "Mkubwa, tuzungumze," mlizungumza. Alimsamehe mwenye mtoto mgonjwa, alimsamehe aliyekwenda kuzika, na yuko dereva mmoja wa lori aliyemsamehe mwaka mzima kwa sababu tu alijua kuchekesha. Kwa hiyo alikuwa na hakika kwamba mahali fulani katika lile jumba linaloelea yuko mkubwa wa kuzungumza naye, atakayempa intaneti ya dakika tano, naye aingie chekini mapema, atimize kiapo chake bila kutoa senti. Akaanza kumtafuta.

Alimtafuta mapokezi, akamwambia yule dada wa zamu kichekesho cha dereva wa lori. Dada alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akamwonyesha bei za vifurushi vya intaneti. Alimtafuta ofisi ya matembezi, alimtafuta kwa wahudumu wa jikoni, alipanda ghorofa akashuka. Alimfuata abiria mmoja mwenye tai kwa muda mrefu akidhani ni ofisa, kumbe naye anatafuta choo. Alikula amesimama. Mkewe akimwita, "Njoo ukae basi," alijibu, "Nakuja sasa hivi," huku mgongo umeshageuka. Alisema "nakuja sasa hivi" wakati wa chai, wakati wa muziki, wakati watu wote walipokimbilia ubavuni mwa meli kutazama nyangumi. Hakumwona nyangumi. Mama Sare alimwona, tena akarusha maji, na alipotaka kumhadithia mtu, pembeni hapakuwa na mtu.

Siku ya mwisho kabla ya kumaliza safari, meli ilitia nanga kwenye mji mdogo wenye nyumba za kupanda ngazi. Risiti alikuwa ameshapiga hesabu zake. Mgahawani kuna intaneti ya bure, chekini inafunguliwa saa nane mchana, meli inawataka wawe ndani saa nane na nusu. Mwanya upo.

"Tukatembee kwanza," alisema Mama Sare. "Nimeona kule juu wanauza vitambaa."

"Tutatembea. Tukae hapa kwanza."

Wakakaa. Kahawa moja, vikombe viwili, asubuhi mpaka mchana. Mguu wa Risiti ulitikisa meza mpaka kahawa ikamwagika kwenye sosa. Mama Sare alitazama ngazi zile, akatazama wenzao wa melini wakishuka na vifurushi vya vitambaa. Saa nane ikafika. Risiti akabonyeza. *Chekini bado haijafunguliwa.* Akabonyeza tena. Akabonyeza kwa kidole kingine. Akamwita kijana wa mgahawa, akamwonyesha simu kama mtu anayemwonyesha daktari kidonda.

"Mzee, hii ni saa ya uwanja wenu wa ndege," kijana akasema. "Sisi huku tuko mbele saa moja. Itafunguliwa saa tisa ya hapa."

Saa tisa ya hapo meli ingekuwa imeshaondoka. Risiti hakuamini. Alibaki akibonyeza mpaka Mama Sare akasimama, akaning'iniza mkoba begani na kusema, "Mimi siachwi na meli." Wakatoka mbio, wazee wawili, miguu niponye, yeye mbele simu mkononi, mkewe nyuma ameshika viatu. Daraja la kuingilia lilikuwa linafungwa. Mama Sare alipofika juu alikuwa anahema vibaya, akaegemea ukuta, akamwambia mumewe aende zake.

Alikwenda. Alikwenda moja kwa moja mapokezi, jasho likimtiririka.

"Dada yangu, mara ya mwisho nakuuliza. Hakuna namna?"

"Namna ipo, mzee wangu. Kifurushi cha siku nzima."

"Nataka dakika tano tu."

"Za dakika tano hatuuzi."

"Mkubwa wako yuko wapi, tuzungumze naye?"

Yule dada alimwonea huruma, ilionekana usoni. Akaigeuza kompyuta yake ili Risiti aione. "Mkubwa wangu ni huyu," alisema. "Hata mimi hanisikilizi."

Risiti aliitazama ile kompyuta. Kwa mara ya kwanza tangu aape aliona kwamba hapakuwa na mtu wa kuzungumza naye, hakuwapo hata siku moja, na wiki ilikuwa imekwisha. Akatoa kadi. Akalipa kifurushi. Saa tisa ilipotimu akaingia chekini wa kwanza wa kwanza, na mashine ikawapangia: yeye mbele, mkewe nyuma kabisa, katikati. *Ungependa kubadilisha viti kwa ada ndogo?* Alilipa. Alilipa yake na ya mkewe, hakusonya, hata bei hakuitazama vizuri. Viti vikakaa pamoja kwenye kioo cha simu, viwili, kimoja dirishani.

Akaenda resi kumtafuta. Hakuwapo chumbani, hakuwapo kwenye chai. Akamkuta sitaha ya juu, upande wa kivuli, kwenye safu ya viti vya kujinyoosha vilivyojaa watu. Kimoja tu kilikuwa kitupu, kile cha pembeni yake, kimetandikwa taulo.

"Tumepata!" alisema Risiti, meno yote nje. "Pamoja! Wewe dirishani, mimi hapa pembeni. Si niliapa?"

"Ahsante," alisema Mama Sare.

Bibi mmoja mnene aliyelala kiti cha tatu akaondoa kofia usoni. "Kumbe ndiye wewe mwenye taulo," alimwambia Risiti. "Wiki nzima tunafukuzwa kwenye hicho kiti. Kila siku anatuambia kina mwenyewe, anakuja sasa hivi. Tukadhani mama wa watu ni mjane, hajazoea." Akarudisha kofia yake.

Risiti alisimama palepale, simu mkononi.

"Ndege ni mwendo wa saa tatu," alisema mkewe, bila kupandisha sauti. "Saa tatu ningejikaza. Meli ilikuwa siku saba."

Akakaa. Alikaa ukingoni, kama mtu atakayeinuka wakati wowote, na mguu ukaanza kutikisika wenyewe. Bahari ilikuwa tulivu na haikumsaidia kitu. Sasa hapakuwa na mahali pa kwenda na lile neno lilikuwa bado kooni.

"Mama watoto," alisema. "Ile siku ya kuja. Mwanetu aliniuliza kama atulipie tukae pamoja. Ilikuwa pesa ya soda mbili. Nilikataa mimi."

Mama Sare hakugeuka. Alitazama mbele, na kifua chake kikapanda na kushuka ndani ya lile gauni la zambarau ambalo alilifua kwa mkono kwenye beseni la chumbani lakini doa halikutoka lote.

"Nilidhani nakufa kule nyuma," alisema hatimaye. "Unajua? Nilikuwa nakuita. Nilikuita kwa jina lako. Yule kaka akaniuliza, huyo unayemwita ni nani, yuko wapi, tumwite? Nikaona haya kumwambia kwamba yuko humohumo ndani."

Risiti alishika kingo za kiti ili ainuke. Alitaka kumletea kitu, maji ya chupa, kahawa yenye povu, juisi ya kukamuliwa, chochote chenye bei.

"Unakwenda wapi?"

"Nakuletea maji."

"Sitaki maji. Nimekasirika. Nimekasirika sana, na nitakasirika mpaka jioni, huenda na kesho." Akaweka mkono juu ya goti la mumewe lililokuwa linatikisika, akalikandamiza chini. "Lakini wewe usiinuke. Kaa hapo hapo nikukasirikie."

Akakaa.