Punje ya Lusajo

Juzi kliniki nesi alituonyesha kwa mwanasesere jinsi ya kumwokoa mtoto mchanga aliyekwamwa na kitu kooni. Wenzangu walimpapasa tu. "Mpigeni katikati ya mabega, hamumwonei!" nesi akasema. Mimi nilimlaza kifudifudi juu ya mkono, kichwa chini, nikampiga bila woga. Nilishaona hivyo nikiwa mtoto.

Kwetu Ikolo, bibi alianika kakao mkekani, ikinuka uchachu kama pombe ya komoni. Mtoto aliyeigusa alichapwa. Mchana mmoja mdogo wangu Lusajo, ndiyo kwanza anatambaa, aliokota punje akaitia mdomoni. Alikohoa kidogo, kisha sauti ikapotea kabisa. Bibi akamnyakua, akamwinamisha juu ya mkono wake, akaanza kumpiga mgongoni, pa! pa!

"Bibi, kachukua moja tu!" nililia. "Msamehe!"

Punje ikaruka. Lusajo akaangua kilio, na bibi, badala ya kumbembeleza, akacheka huku machozi yakimtoka. "Ndaga, Kyala!" alimshukuru Mungu.

Nilimwona katili kweli. Nikaikanyaga ile punje yenye mate, nikaifukia mchangani haraka, bibi asije akaiona akaanza upya.