Pua ya Mama Darmi

Kwenye kituo chetu cha maziwa hapa Garsen, mimi ndiye ninayeosha mikebe. Nasema mapema usije ukadhani najifanya mtaalamu. Kwetu ni Ngao, kwa wakulima, na hadi leo ng'ombe akinikazia macho mimi hubadilisha njia. Lakini aliyekaa miaka saba na mikebe husikia mengi, na habari ya pua ya Mama Darmi niliijua kabla ya meneja na kabla ya mashine.

Mama Darmi ni Mworma, wa jamii ya wafugaji, mjane wa miaka hamsini na kitu. Kazi yake ilikuwa moja: kupokea madumu ya akina mama wanaotoka vijijini asubuhi na kusema maziwa yapi yaingie tangini na yapi yarudi. Alifungua kifuniko, akainama, akanusa, akasema "Haya" au "Maji." Hakosei. Mji mzima ulimwita Pua, na kuna wachuuzi wa Malindi walionunua maziwa yetu kwa sababu ya jina hilo tu.

Sasa siri. Mwaka wa korona alishikwa na homa wiki mbili, na ilipoondoka iliondoka na pua. Niligundua siku panya alipofia nyuma ya tangi. Sisi sote tulikimbilia nje tumejifunga leso usoni. Yeye aliketi palepale, akala wali wake mpaka punje ya mwisho, kisha akauliza mbona tunakula juani. Nikamtazama, akanitazama.

"Hope, mimi pua hapana tena," akasema. "Ukisema, mimi kwisha."

Ukame ulikuwa umemwachia ng'ombe wawili, na kazi hii ndiyo iliyokuwa ng'ombe wa tatu. Nikafunga mdomo. Kwa mtu kama mimi hilo si jambo dogo, waulize majirani.

Basi mbona hakukosea? Waorma hawasalimiani kwa kutupiana neno moja kama sisi watu wa haraka. Wao huulizana nagaa, yaani amani. Wewe nagaa? Watoto nagaa? Ng'ombe nagaa? Ndama, maji, malisho, njia uliyokuja nayo, vyote nagaa? Mwenzako hujibu nagaa, nagaa, nagaa, mkono wake uko juu ya dumu. Mama Darmi alikuwa akisikiliza. Mwenye maziwa safi hujibu akimfikiria ng'ombe. Aliyetia maji hujibu akilifikiria dumu. Wakifika kwenye malisho, hukumu imeshatoka. Kuinama na kunusa kulikuwa adabu tu.

Ndipo bodi ikatuletea Mukhtar awe meneja. Kijana wa shahada mbili, mzaliwa wa Hola aliyekulia Nairobi, mpole, ila salamu hakufundishwa. Asubuhi alipita mlangoni akisema "Timu, mambo" huku macho yakiwa kwenye simu. Alinunua mashine ya kupima maziwa, yenye akili bandia, inayojifunza kadiri inavyotumiwa. Tena alikuwa ametoka Mombasa kwenye mkutano wa wakubwa, akaambiwa kwamba mashine isiwaangukie wafanyakazi ghafla. Watayarishwe kwanza. Nia nzuri, sikatai.

Tukatayarishwa siku tatu. Tulipewa fulana za njano, karatasi kubwa zikabandikwa ukutani, sambusa zikaja za kutosha. Kila mtu aliambiwa aandike anachokiogopa. Askari wa lango, Haroun wa Kipini, akaandika "kiboko." Mukhtar akamweleza kwa upole kwamba anauliza hofu ya wakati ujao. Haroun akataka kujua kwani kiboko hatakuja wakati ujao. Walibishana mpaka chai ikapoa, na kwa maoni yangu Haroun alishinda.

Siku ya tatu tukaambiwa mpango wenyewe. Kwa wiki tatu Mama Darmi atanusa, atasema, na Mukhtar atabonyeza, ili mashine ijifunze kutoka kwake. Mama Darmi aliuliza ikishajifunza, yeye je? Mukhtar akajibu kwamba tutaona. Neno hilo nalijua. Ndilo mume wangu alilosema kuhusu paa, na mvua ya tatu hii bado tunaona.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mashine ile haikuwa na hata unywele mmoja, lakini ilijifunza. Wiki tatu zikaisha, Mukhtar akawaita wazee wa bodi waje kuona mwanafunzi alivyomfikia mwalimu. Vikombe ishirini vya maziwa vitapangwa mezani, vingine vikiwa vimetiwa maji makusudi, vina namba tu, wenyewe hawapo. Niliposikia hivyo niliacha mikebe. Nilimwendea Mama Darmi nikamwambia nitakohoa: mara moja kwa maziwa safi, mara mbili kwa maji. Akaniuliza mimi nitajua vipi. Hapo sikuwa nimefika.

Siku ikawa siku. Mama Darmi akainamia kikombe cha kwanza, akanusa sana, akatazama huku na huku kutafuta uso. Hakuna uso.

Akasema "Haya," mashine ikasema maji. Cha pili akasema maji, mashine ikasema safi. Mimi nikakohoa bila kujua ninakohoa la nini, nikapaliwa kweli, Haroun akanipiga mgongoni. Kufikia cha sita alikuwa amepata viwili, hata mbuzi wa jirani angepata viwili. Mzee Adan, mwenyekiti wa bodi, akavua miwani. Mukhtar akamtetea, akasema huenda mama ana mafua.

Mama Darmi akaweka kikombe chini. "Mwenye maziwa yuko wapi?" akauliza. "Leteni mtu, mimi nisalimie."

Kisha akasema yote, homa, pua na miaka yote hiyo. Aliongea amesimama wima, lakini vidole vilikuwa vikisokota ncha ya mtandio. Nililia, sioni haya kusema.

Wakati huohuo Kadra, mmoja wa wauzaji wetu, alikuwa amefika langoni na dumu lake, amechelewa. Mzee Adan akamwita. Mukhtar akapima, taa ya kijani ikawaka: safi. Mama Darmi naye akaanza salamu zake toka mwanzo. Walipofika kwa ng'ombe, Kadra akajibu nagaa, ila yule mwekundu alikuwa mgonjwa, juzi daktari wa mifugo alimdunga sindano, sasa nagaa kabisa.

Mama Darmi akafunika dumu. "Hii iko na dawa," akasema. "Asiuze mpaka dawa itoke."

Mukhtar akapekua kioo cha mashine juu mpaka chini. Habari ya sindano haikuwemo, maana hakuna aliyeifundisha kuuliza. Mzee Adan akavaa miwani, akatamka kwamba mashine ipime maji na Mama Darmi aketi mbele yake asalimie watu, kazi ni yake. Nikapiga kigelegele kilichomtoa mbuzi mbio.

Mukhtar alibaki kando ya mashine, peke yake. Miezi minane yuko nasi, hajawahi kusalimiwa sawasawa. Mama Darmi akamwita karibu.

"Mukhtar, wewe nagaa?"

"Nagaa."

"Mama nagaa?"

"Nagaa."

"Kazi nagaa?"

"Nagaa," akajibu kabla swali halijaisha, mkono wake uko juu ya mashine.

Mama Darmi akamkazia macho. "Hii ametia maji," akasema polepole.

Mukhtar akacheka, kisha kicheko kikakatika. Akatuambia barua ya bodi ilikuja Jumatatu. Ripoti, zamu na mahesabu vitaendeshwa na kompyuta kutoka Nairobi, na kuanzia Januari kituo hakihitaji meneja. Mzee Adan akatazama viatu vyake. Kijana wa watu alitutayarisha sisi, na sasa barua iko mfukoni mwake na hakuna aliyemtayarisha yeye. Nilimwonea huruma, mimi niliyemsengenya wiki nzima.

Mama Darmi akasogea kwenye benchi, akampa nafasi.

"Keti, mwanangu. Tunaanza tena. Mama nagaa?"

Mukhtar akaketi, na safari hii alifikiri kwanza kabla ya kujibu.