Vidonge vya Baba Mkwe

Mimi niko na hasira za karibu, na likizo hii baba mkwe alinikasirisha mpaka nikachoka mwenyewe.

Alikuja kukaa nasi hapa Kitengela kwa sababu ya presha. Mkewe alishafariki, na kule nyumbani magharibi hakukuwa na mtu wa kumkumbusha dawa. Kwa desturi yetu mzee halali katika nyumba ya mwanawe, ila jamaa walikaa wakaongea, wakasema aende tu, huu ni ugonjwa. Tukampa chumba. Mume wangu anafanya kazi Nairobi na hutoka mapema. Mimi ni mwalimu hapa karibu.

Mwanzoni presha ilishuka vizuri, hata daktari akafurahi. Shule zilipofungwa nikajisemea, sasa nitamwangalia mzee mwenyewe. Nikampikia bila chumvi, na kila asubuhi namuuliza kama amemeza dawa. Anajibu kwamba amemeza, macho yameelekea dirishani. Na presha, wacha ipande! Kichwa kikaanza kumgonga, kisha mkono wa kushoto ukawa unakufa ganzi. Siku ya kliniki daktari alinivuta kando akaniambia tukiendelea hivi, tutamkuta ameanguka. Nilitoka pale nimevimba. Nilijua sasa hamezi dawa, nikadhani amechoka kuishi tangu mkewe aondoke, na hilo ndilo liliniuma zaidi.

Jioni nilimkabili, jambo ambalo mke wa mwana hafanyi. Nikamwambia wazi kwamba kama ni kufa asinifie mikononi, maana ukoo mzima utasema mimi ndiye nilimuua. Aliangalia viatu vyake.

"Mama, hiyo dawa inanipeleka choo kila saa," akasema. "Na choo ni chako."

Nyumba yetu ina choo kimoja, ubavuni mwa jiko. Mfereji ukiwa mkavu, na mara nyingi ni mkavu, unaingia na ndoo, na aliye jikoni anasikia kila kitu. Kwetu mzee hawezi kupita mbele ya mke wa mwanawe akielekea chooni, sembuse asikike akiwa ndani. Nilipokuwa naenda shuleni alikuwa anameza vizuri. Wikendi alikuwa anaruka. Likizo ilipofika, nami niko jikoni kutwa nikimtunza, akaacha kabisa. Ole wangu, kumbe kumtunza kwangu ndiko kulikuwa kunamuua.

Daktari alisema dawa hiyo ndiyo inamfaa, ameze kila asubuhi. Mume wangu naye akasema baba atazoea. Azoee nini, na mvi zile?

Basi nikaanza kutoka. Nikishaandaa chai namwambia naenda sokoni, hata kama sina cha kununua. Nilikuwa naketi kwa jirani yangu Mmaasai anayesuka shanga. Siku za kwanza alikuwa ananisalimia "sopa" na kuniuliza kama nimefukuzwa kwangu. Baadaye akazoea, akawa ananisogezea kiti tu. Mchana nikirudi nabisha mlango wangu mwenyewe, nangoja mzee aitikie ndipo niingie. Presha ikaanza kushuka.

Jana nilibisha, kimya. Nikabisha tena, nikaita "Baba", kimya. Ufunguo niko nao mkononi. Kama yuko chooni, nitamwaibisha. Kama ameanguka, hapa niliposimama ndipo ninapompoteza. Mwishowe nikafungua.

Alikuwa anatoka chooni, mshipi haujafungwa. Tuliangaliana. Nilitaka kumwambia nimefurahi kumuona amesimama, lakini alikuwa ameshageuza uso ukutani, nami nikarudi nje nikavuta mlango.

Leo vidonge viko mezani palepale nilipoviweka. Amemwambia mwanawe amkatie tiketi ya basi, anarudi nyumbani kesho. Mume wangu ameniuliza kulitokea nini, na mimi sina mdomo wa kumwambia, wala wa kumwomba mzee abaki.