Titi Nililoshona kwa Tundu Moja

Mimi ni fundi wa cherehani hapa Kisangani, sijaoa bado, na kila kazi mpya naiona ndiyo itanipa atelie, karakana yangu ya kushonea, iliyo kubwa. Juzi muuguzi wa kituo cha afya aliniomba nimshonee titi la kitambaa, la kufundishia akina mama. Nililishona kwa moyo wote. Ndani nikaweka mfuko mmoja wa plastiki, kwenye chuchu nikatoboa tundu moja, basi.

Nilipolipeleka, akina mama walikuwa uani wakingoja watoto wapimwe uzito. Mmoja, kijana kama mimi, alilitazama kwa huzuni.

"Fundi, yangu iko kidogo. Mutoto analia, naona maziwa haitoshe."

Nilimwonea huruma. Nikamfungulia lile titi la kitambaa, nikamwonyesha ule mfuko. "Mama, uiache kwanza ipumzike mpaka jioni. Itajaa yenyewe."

Akamwondoa mtoto kifuani. Mtoto akapiga kelele mpaka muuguzi akatoka, akauona ule mfuko mkononi mwangu.

"Nani alikuambia titi iko mufuko?" aliniuliza. "Ndani iko tezi mingi, kila moja na mufereji yake. Ukubwa ni mafuta tu. Mutoto akinyonya, ndiyo maziwa inatengenezwa. Mama, umurudishie."

Nami, badala ya kunyamaza, nikasema angalau tundu la chuchu ni moja, hilo nilikuwa na hakika nalo.

Mama mmoja aliyekuwa akinyonyesha mapacha alinigeukia taratibu. Akaliminya titi lake, na maziwa yakaruka kwa nyuzi nyingi hadi kwenye shati langu.

"Bon, haya fundi," akasema, "hesabu sasa."