Wimbo Wangu Ulipanda Treni Bila Tiketi

Sisi tuliotwanga mihogo hapa Kamina kabla mashine ya kusaga haijaja kutupigia kelele, tunajuana. Tushike viganja, utakuta sugu ya mchi ingali pale. Mabinti wa leo viganja vyao ni laini kama sabuni iliyolowa. Kidole gumba tu ndicho chenye misuli, kwa sababu ya simu.

Uwanja wetu wa nyuma ulikuwa karibu na reli. Wasichana watatu, kinu kimoja, michi inapishana, na ukichelewa kidogo mwenzako anakutwanga vidole. Ndiyo maana tuliimba: wimbo ulitushikia zamu. Harufu ya mihogo iliyolowekwa ilituingia mpaka kwenye nywele, unga ukatupaka nyusi, tukazeeka kabla ya siku zetu. Na wimbo mbaya ulijulikana palepale, michi iligongana. Hatukuhitaji mtu mwenye diploma aje kutuambia.

Kambo yangu, mama yake baba, alikuwa mtu wa kasala. Kasala ni kumwita mtu kwa majina yake ya sifa, ya kwake na ya mababu zake, mpaka mwili umsisimke. Akikuita hivyo kwenye harusi, unavua kitenge cha bega unampa, na huoni hasara. Alizoea kutuambia, "Mudomo wa kasala haulale njaa." Anayesikia ndiye anatoa, anayesema anapokea. Lishikeni hilo, nitalirudia.

Sasa, kiangazi kimoja mama alipanda treni kwenda Luena. Dada yake alikuwa amezaa mapacha, na kwetu mapacha si mzigo wa mtu mmoja. Alisema anakwenda kidogo. Kidogo ikavutika, ikavutika, mpaka mvua zikakaribia. Baba alikuwa mtu wa reli, kifua mbele, na alikataa kumtumia hata salamu. "Mwanaume habembeleze kwa mudomo wa bantu bengine," alisema, kisha akaingia jikoni kutusongea bukari, ndio ugali wetu. Mama wenzangu! Ile bukari ilikuwa mabonge matupu. Ukiuma moja unakuta unga mkavu umejificha ndani kama mwizi. Mdogo wangu alilia kila jioni. Mimi sikulia, lakini nilianza kuogopa kwamba mama amepata nyumba nyingine ya kupenda.

Basi nikatunga. Shule niliiona kwa dirisha zaidi kuliko kwa mlango, kwa hiyo sikuandika popote. Nilitunga kwa mchi:

*Mama wa Luena, sufuria inakuuliza,*
*Baba anasonga mawe, sisi tunatafuna,*
*Mapacha wana mama yao, sisi tuna nani?*

Michi haikugongana. Kesho yake uwanja wa jirani wanauimba. Siku chache tena, wamama wa biashara wanauimba kituoni wakipakia magunia ya unga, na baba amesimama palepale na bendera yake ya kijani.

"Huyu baba wa mawe ni nani?" akawauliza.

"Hatumujue," wakamjibu, "lakini mumwambie aongeze maji!"

Jioni ile alikula bukari yake polepole, kama mtu anayeonja dawa. Akasema, "Kweli, iko na mabonge." Basi.

Treni ikaondoka na wale wamama. Wimbo hauna uzito, hakuna anayeukatia tiketi. Luena nako walitwanga. Baadaye mama alikuja kutusimulia kwamba aliusikia kwa mwanamke asiyemjua hata jina, akacheka mpaka akalia. Wanaume wasiojua kusonga ni wengi, lakini alijua hayo ni mawe ya nyumbani kwake.

Ila kabla yeye hajafika, wimbo ulitangulia. Wale wamama waliporudi, walishuka kwenye treni wakiuimba na mkia ambao mimi sikuuweka:

*Sufuria, nyamaza, mwiko uko njiani.*

Baba ndiye aliyeusikia wa kwanza. Bendera ikamponyoka. Siku hiyo alifagia nyumba mwenyewe, mpaka chini ya kitanda. Treni iliyofuata ikamleta mama.

Leo nina mjukuu, Mujinga (jina la kwetu hilo, si tusi), anayeandika mashairi. Anaandika vizuri, najivuna, na asiyependa azibe masikio. Juzijuzi alikuja amenuna, simu mkononi. Watu fulani wamelisifu shairi lake mpaka mbinguni, halafu wakamwambia atoe frais, yaani ada.

"Kambo, banasema nilipe kwanza, njo batatia shairi yangu mu kitabu."

"Weye njo umepika, na weye tena njo unalipa mwenye kula?"

"Njo mambo ya sasa, Kambo."

"Basi mambo ya sasa inalalisha mudomo wa kasala njaa!"

Alikuwa ameshaanza kuwatazama kuku wangu kwa jicho la sokoni. Nikamwambia awaache kuku, atafute mahali wanapopokea bure. Kumbe wapo: gazeti la kwenye simu, na redio moja. Akawatumia. Shida yao moja, wanajibu polepole kuliko treni ya siku hizi. Akawa anaamka anachungulia simu kabla ya kunawa uso.

Mimi nikamwambia alisome mpaka nilishike kichwani. Linahusu madumu ya maji yanayopanga foleni bombani, mengi kuliko waumini kanisani. Nikalipeleka sokoni, kwa wamama wanaouza samaki kutoka Mulongo.

Wiki iliyopita Mujinga alirudi mbio, amekasirika. "Kambo! Mama wa samaki anasema shairi yangu, na ameongeza mustari! Ameiharibu!"

"Mustari gani?"

"*Dumu langu limezeeka, bado namba yake haijafika.*"

Tukatazamana. Akaanza kucheka kabla yangu.

"Hapo njo umechapishwa," nikamwambia.

Kinu changu sasa kimegeuzwa chini juu, kuku wanakikalia. Mashine inasaga gunia kabla hujamaliza mstari wa pili, na kwa kelele ile nani atamsikia nani? Sisi tulirudi nyumbani na viganja vimevimba na wimbo mmoja kwa wote. Wao wanarudi na unga laini, kila mmoja na simu yake. Lakini treni ikipiga honi, hata sasa, naacha ninachofanya. Nasikiliza wamama wanashuka na mkia gani.