Migongo Iliyofutwa Kwenye Ripoti

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kalamu ya wino wa zambarau, nikaamriwa kuandika juu ya mgongo wa mtu. Nilikuwa nimetoka shule ya wauguzi, koti langu jeupe limepigwa pasi na dada yangu mpaka linasimama lenyewe, na nilidhani nitapewa sindano na bandeji kama wenzangu. Daktari wa Utafiti, mgeni aliyekaa Kolwezi, mji wetu wa migodi hapa Katanga, miaka ya kutosha kukisema Kiswahili chetu na kujigamba nacho, alinisukuma mbele ya mchimbaji aliyevua shati.

"Tia musitari hapa chini, na ingine kule yulu, santimetre kumi," akasema. "Kisha umwambie ainame. Usimuulize kama anaumwa. Atakudanganya."

Nyinyi vijana mnaosomea udaktari leo mna mashine za kuona ndani ya mtu mpaka mawazo yake. Sisi tulikuwa na kalamu na utepe wa fundi cherehani. Mgongo mzima, mtu akiinama, ngozi inavutika, na zile santimeta kumi zinakuwa kumi na tano. Mgongo ulioharibika hauvutiki. Mtu anainama kwa nyonga tu, na mistari inabaki palepale. Kipimo hicho kinachukua dakika moja, na sijaona mashine iliyokishinda.

Nguvu za mkono tulizipima kwa mashine ya shinikizo la damu. Unaukunja ule mfuko wa mkononi, unaujaza hewa kidogo, unamwambia mtu aukamate kwa nguvu zake zote, unasoma zebaki imepanda mpaka wapi. Waendesha mashine za kutoboa mwamba, wanaume wenye vifua vipana, walikuwa wanakamua mfuko ule na zebaki inajikokota. Mtetemo wa mashine huua vidole polepole. Vinaanza kufa ganzi, vinapauka kukiwa na baridi, halafu kifungo cha shati kinakuwa adui. Hapa mjini magonjwa yote hayo yaliitwa jina moja, rimatisimi, yawe ya mgongo, ya goti au ya vidole, na dawa yake ilikuwa kupakwa mafuta na kunyamaza.

Utafiti wetu ulikuwa wa kuwafuata watu. Maana yake unawaandika watu walewale, unawapima kila mwaka, na mwisho unaona kazi imewafanya nini. Swali lilikuwa moja. Migongo ya watoboa mwamba inavunjwa na kazi, au ni uzee tu? Kama ni kazi, kampuni ya migodi iliyotuajiri sote ingelazimika kuuandika ugonjwa ule katika orodha ya magonjwa ya kazi, kuwatibu watu wale mpaka mwisho wa maisha yao, na kuwahamisha kwenye kazi nyingine kabla hawajamalizika. Wachimbaji walilijua hilo vizuri kuliko sisi. Hata hivyo walituficha.

Msiwacheke. Aliyesema mgongo unauma alitolewa kwenye mashine na kupewa ufagio, na mtoboa mwamba aliyepewa ufagio hakuweza kupita barabarani bila watoto kumwimbia. Kwa hiyo wote walikuwa wazima. Mwaka mzima wa kwanza nilijaza karatasi za watu wazima kabisa waliokuwa wakishuka ngazi kwa kujishikilia ukutani. Daktari wa Utafiti akazitazama, akazirusha mezani, akaniuliza kama nimepima watu au picha za watakatifu.

Aliyenionyesha njia alikuwa Mama Ngalula, mke wa mtoboa mwamba mmoja tuliyemwita Tata Mukendi, yaani Baba Mukendi. Alimsindikiza mumewe siku ya kupimwa. Tata Mukendi akajipiga kifua.

"Mupimaji, mi niko muzima. Andika."

Mama Ngalula akacheka mpaka akashika kiti. "Muzima wa nini? Uliza nani anamufungaka viatu asubui!"

Tata Mukendi alimkemea, lakini neno lilikuwa limetoka. Tangu siku ile sikuuliza tena maumivu. Niliuliza viatu. Nani anafunga kamba za viatu vyako asubuhi? Nani anafunga vifungo? Tukafungua safu mpya kwenye karatasi, na wake ndio waliotujazia. Kulikuwa na nyumba ambazo mwanamke alimvalisha mumewe kuanzia soksi, akampeleka mlangoni, naye akatoka nje akitembea kwa madaha. Daktari wa Utafiti alifurahi sana na ile safu. Aliandika barua kwao kana kwamba ameivumbua yeye.

Kisha mambo ya kampuni yakaanza kuharibika. Filamu za mionzi ziliisha. Plasta za kufungia mifupa zikaisha. Daktari wa Utafiti akaenda likizo ambayo haijaisha mpaka leo. Nafasi yake ikachukuliwa na Mkuu wa Idara, daktari wa hapahapa kwetu, mtu msafi, mwenye sauti ya chini na hofu kubwa ya wakubwa wake. Yeye alitaka jambo moja tu, ripoti iishe kabla idara haijafungwa. Tulikuwa tumebakiza mzunguko mmoja wa kupima.

Hapo ndipo Wakasai, watu wenye asili ya jimbo la Kasai, wakaanza kufukuzwa mjini.

Nitasema hili bila kulipaka sukari. Mimi ni mtu wa kaskazini ya Katanga, hakuna aliyenigusa, na nina haya kwa hilo mpaka leo. Baba zao waliletwa na kampuni yenyewe, kwa treni, kufanya kazi ambayo wengine waliikimbia. Wao walizaliwa hapa, wakabatizwa hapa, wakazika hapa. Siku moja vijana wakapita nyumba kwa nyumba na fimbo na mapanga wakiwaambia warudi kwao. Kwao wapi? Tata Mukendi hakuwahi kuiona Kasai hata kwa picha. Walilala stesheni na kandokando ya reli kwa wiki nyingi wakisubiri treni, wenye sufuria, wenye milango ya nyumba zao mgongoni, wenye watoto wenye surua. Na sisi wengine tulikuwa tunapita kwenda kazini, tumeangalia mbele.

Sasa sikilizeni vizuri. Watoboa mwamba wa zamani, wale wenye miaka mingi kwenye mashine, wengi wao walikuwa Wakasai. Yaani migongo mibovu zaidi katika utafiti wetu ilikuwa imelala stesheni.

Nikachukua utepe, kalamu, mashine ya shinikizo na karatasi zangu, nikaenda. Sikumwomba ruhusa mtu. Niliona haya kufungua karatasi mbele ya watu walioachwa bila paa, lakini Tata Mukendi ndiye aliyeniita. Alikuwa amekaa juu ya gunia la mahindi, Mama Ngalula akimpepea mjukuu mgonjwa.

"Tata Kasongo, haukutupima mwaka huu," akaniambia.

"Njo maana nimekuja, Tata. Lakini kama hautaki, mi nitarudia kwangu."

"Nani amesema sitaki? Pima. Leo mi nitasema kweli yote. Kazi ya kupoteza sina tena." Akavua shati mbele ya watu. "Hawa banasema sisi hatukufanya kitu hapa. Basi mugongo yangu ibakie ku karatasi. Siku moja mutu atasoma."

Nikachora mistari. Akainama. Santimeta kumi zilibaki kumi. Alishindwa kunyooka tena, ikabidi mimi na mkewe tumwinue. Akaniambia maumivu yalianza lini, yanashuka mguu gani, vidole vipi vimekufa, asubuhi anakaa muda gani kitandani kabla viungo havijalegea. Miaka yote alikuwa amenificha hayo. Waliokuwa karibu wakaanza kujipanga nyuma yake. Hakuna aliyewaita. Wanaume waliokuwa wakinidanganya kila mwaka walivua mashati yao pale kwenye vumbi la stesheni na kusema kweli, mmoja baada ya mwingine, na wake zao wakiongezea walichosahau. Nilirudi siku tatu. Siku ya nne treni ilikuwa imewachukua, na wengine wamelala mahali pao. Baadaye tulisikia kwamba Tata Mukendi hakufika.

Nilizipeleka karatasi zote kwa Mkuu wa Idara. Sikubakiza hata nakala moja, na hili ndilo kosa la watu wa kampuni kama mimi. Tulifundishwa tangu utotoni kwamba karatasi ya kazi ni ya kazi, haiingii nyumbani. Tulikuwa waaminifu kwa watu ambao hawakuwa waaminifu kwetu. Akazipitia polepole karatasi zile, mafishi kama alivyoziita.

"Tata Kasongo, hii mafishi ni ya ba nani?"

"Ya batumishi betu, Shefu."

"Hapana. Hawa haiko tena batumishi. Uandike: waliacha kazi kwa mapenzi yao. Kisha ubatoshe inje ya hesabu."

"Kwa mapenzi yao? Shefu, stesheni iko kilometa mbili. Twende uone mapenzi yao!"

"Usinipandishie sauti." Yeye mwenyewe hakupandisha. "Mi sikufukuza mutu. Mi niko na rapore ya kumaliza. Mwenye kutoka mu kazi anatoka mu utafiti. Ni kanuni."

"Wenye kuumwa njo bametoka! Tukibatosha, tutabakia na kupima bazima tu. Rapore itasema nini?"

"Itasema kile tulipima."

Na ilisema. Waliobaki walikuwa vijana walioingia kwenye mashine juzi, na wazee wachache wa kuandika madaftari. Migongo yao ilivutika vizuri kabisa. Ripoti ikaandika kwamba kazi ya kutoboa mwamba haikuonekana kuudhuru mgongo. Hakuna tarakimu moja ndani yake iliyokuwa ya uongo. Kila namba niliipima mwenyewe. Hilo ndilo linalonichoma, kwamba waliweza kusema uongo mkubwa namna ile kwa kutumia namba zangu za kweli.

Ripoti ilihitaji sahihi ya mpimaji. Mkuu wa Idara akaniwekea ukurasa wa mwisho mbele yangu. Nilikuwa na nyumba ya kampuni, watoto watano na mama mgonjwa, na nilikuwa nimeona watu wanavyotolewa majumbani siku zile. Nikatia sahihi. Sitaki mnionee huruma, wala sitaki mniambie kila mtu angefanya hivyo. Si kila mtu aliombwa. Mimi niliombwa.

Karatasi za stesheni hazikuchomwa wala hazikufichwa. Zilitupwa tu idara ilipofungwa, pamoja na madaftari mengine, na akina mama wa soko la Manika wakazifungia karanga. Mimi nikapelekwa zahanati ya Mutoshi, chini ya Muuguzi Mkuu aliyekuwa na dawa mbili, moja nyeupe na moja ya njano. Kampuni ilipozimika kabisa nilikaa miaka nikidunga sindano majirani. Migodi ilipofunguliwa upya na wamiliki wengine, nikapata kazi mgodi wa Fungurume katika chumba cha huduma ya kwanza. Msimamizi wa Usalama alikuwa kijana mpole mwenye kofia ngumu isiyo na vumbi. Walikuja mbele yangu wachimbaji wenye vidole vilivyopauka na migongo iliyokauka wakiwa na miaka thelathini. Nikamwambia huu ni ugonjwa wa kazi. Akafungua kompyuta yake, akanijibu kwa heshima zote: "Tata, ilishapimwa hapa Katanga zamani. Kazi haina kosa."

Ningemwambia nini? Kwamba ninaijua ripoti hiyo kwa sababu ni yangu? Nikawapa wale watu vidonge na mafuta ya kupaka, mpaka nilipofikisha umri wa kupumzika.

Watu huniuliza kustaafu kukoje. Kumejaa asubuhi. Unaamka huna pa kwenda, na kila ulichokataa kukifikiri kazini kinakuja kukaa na wewe. Mimi naona hasira yangu ya sasa ingefaa zaidi miaka ile, mbele ya ile meza, nilipokuwa na meno yote. Nilikuwa mpimaji mzuri. Nilidhani hiyo inatosha.

Mwaka huu alikuja nyumbani daktari kijana, mwanamke wa hapa Kolwezi, anayetafiti magonjwa ya viungo ya wachimba madini. Mkononi alikuwa na ripoti yetu, imejalidiwa vizuri, ina mhuri wa maktaba. Alikuwa amefurahi kunipata hai. Akafungua ukurasa wa mwisho, akaniwekea kidole kwenye jina langu.

"Tata, ni wewe huyu?"

"Ni mi."

Nikamweleza yote niliyowaelezea ninyi, mpaka stesheni, mpaka Tata Mukendi. Mwisho akauliza kama nimebaki na karatasi hata moja. Nikasema hapana. Akatazama chini, na nilimwona anatafuta namna ya kunieleza bila kuniumiza kwamba maneno ya mzee hayawezi kuingia kwenye utafiti.

"Rapore njo inabakia, Tata," akasema mwishowe. "Bote banaifwata."

"Nikopeshe bic yako."

Akanipa kalamu. Nikakata jina langu, mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili mpaka karatasi ikapasuka. Pembeni nikaandika: *Nilipima wengine pia. Walishindwa kuinama. Waliondolewa.* Nikaanza na Mukendi, nikaendelea na majina ya wote ninaowakumbuka, nikizunguka ukingo wa ukurasa.

"Tata, Tata, hiki kitabu ni ya maktaba!"

"Unishikie vizuri," nikamwambia, "nafasi imeisha upande huu."

Akakishika, akanigeuzia ukurasa.