Paa la Mkwe

Zenon hajawahi kuwa mtu wa maneno. Ukimkuta gerejini kwake hapa Mazwi utamsalimia, ataitikia, kisha atarudi chini ya gari kana kwamba hujafika. Mimi ninashona viti vya pikipiki na maturubai ya magari, ukuta wetu ni mmoja, na nyundo yake ndiyo saa yangu. Ni fundi hodari aliyechoka. Mgongo ulitangulia kuchoka, macho yakafuata, na tangu mwaka juzi kifua nacho kimejiunga na wenzake. Mkewe alipomwambia apumzike, alijibu kwamba atapumzika akimaliza kigari cha Mama Faruk.

Kigari hicho kilikuwa cha marehemu Muhidin, mwenye malori. Alikinunua zamani kwa daktari wa Kizungu aliyekuwa anarudi kwao: cha Kiingereza, viti viwili, pua ndefu, na juu hakina paa ila turubai la kukunja. Uzee ulipomkuta Muhidin, kikaingizwa ghala la mahindi nyuma ya duka. Kuku wakataga ndani yake, kutu ikala sakafu. Kila mtu alikwisha kukiita chuma chakavu, isipokuwa mjane wake, Bi Ummy, huyo Mama Faruk.

Alikuja gerejini mwenyewe, polepole, ameshika fimbo, akaeleza shida yake. Wiki ya kwanza ya ndoa yao Muhidin alimpeleka kijiji cha Mwazye kwa wakulima waliokuwa wakimuuzia ulezi. Turubai lilikuwa limekunjwa, na walipofika kilimani upepo ukamvua ushungi ukaenda nao mashambani. Wakacheka mpaka Mwazye. Sasa figo zimeharibika, na mwanawe Faruk anataka kumhamishia Dar es Salaam akae karibu na hospitali. Alijua kwamba akienda harudi.

"Nataka kukipanda mara moja tu, kikiwa wazi, upepo unipige kichwani kama siku ile," alimwambia Zenon. "Ila mifupa yangu si ya siku ile, Baba Timoth. Kisinitikise."

Zenon alikubali, na hapo ndipo alipojimaliza. Kwa nje alitaka kila kitu kibaki kilivyokuwa: mbavu zilezile, vikombe vya taa vilevile, rangi ya kijani iliyoiva kama majani ya maharage. Ndani akaficha mambo ya leo. Injini akatoa kwenye gari dogo la Kijapani lililopinduka, ili kisije kikazima kilimani na mama wa watu ndani. Breki akaweka za diski, usukani wa umeme, shokapu laini, vioo vya kupandisha kwa kitufe, na hita ya kupasha miguu. Redio aliifungia nyuma ya dashibodi ya mbao, huioni mpaka iimbe. Mimi nilipewa turubai. Nilishona, nikafumua, nikashona tena, kwa sababu Zenon alipitisha kidole kwenye kila mshono na kutikisa kichwa. Nilimchukia siku nyingine, nakiri. Lakini kazi ilipendeza.

Mwezi wa sita, baridi ilipoingia na upepo wa milima ya Mbizi kuanza kukata masikio, kifua kikamwangusha. Nimonia, wakasema, akalazwa. Kigari kilikuwa kimekwisha. Turubai na vyuma vyake vya kukunjia vilikuwa kwangu kwa mishono ya mwisho. Wiki hiyohiyo nikaitwa kijijini Kate kwenye msiba wa shangazi yangu. Nikafunga duka, turubai likabaki ndani.

Sasa niwaeleze habari ya Baltazari. Binti yake, Rozina, ameolewa na Timoth, mtoto wa Zenon, kwa hiyo wazee hawa ni wakwe. Huku kwetu mkwe si mtu wa kuzoeana naye. Unamsalimia kwa kuinama na kupiga makofi taratibu, humtanii, humkatalii zawadi, wala huketi naye kumsimulia shughuli zako. Baltazari anachomelea mageti na mabodi ya malori ya Fuso upande wa pili wa kata, na hajawahi kukanyaga gereji ya Zenon bila shughuli ya kifamilia. Zenon naye hakuwahi kumwambia kigari kile ni cha namna gani. Angemwambiaje?

Baltazari aliposikia mkwe wake amelazwa, na mwenye gari, mgonjwa, anasafiri Jumapili kwenda Dar es Salaam, alikwenda kutazama kama kuna kazi iliyobaki. Akakuta gari zuri ajabu, halina paa. Akaelewa alivyoelewa: mkwe ameugua kabla ya kumaliza. Mke wa Zenon hakuthubutu kumhoji. Baltazari akaleta bati lake bora, lile alilokuwa amelitunza kwa ajili ya geti la nyumba yake, akalikunja, akalichomelea, akalipiga msasa, akatafuta rangi ileile na kuipuliza. Mama mzee asipigwe na baridi. Mkwe asiaibike.

Nilirudi kutoka Kate Ijumaa, siku ambayo Zenon alitolewa hospitali. Nilimkuta amesimama mbele ya kigari, blanketi mabegani, na Baltazari pembeni ameshika kofia kwa mikono miwili. Lilikuwa paa kweli. Maungio huyaoni. Lingekuwa limechomelewa ovyo ningepata pa kuanzia; usafi wa kazi ile ndio ulioniudhi zaidi.

Zenon aliinama, akapiga makofi, akashukuru.

Baltazari alipoondoka niliwaka. Nilimwambia Zenon achukue mashine ya kukatia chuma, saa moja tu paa litakuwa chini, nami nina turubai. Aliketi juu ya tairi akakohoa. Akasema kilichochomelewa na mkono wa mkwe hakiwezi kukatwa na mkono wake. Nikamwambia basi amweleze mkwe wake. Akauliza amweleze nini: kwamba alileta aibu akidhani anaifunika? Na kweli ingekuwa shukrani ya punda, na Rozina angeibeba aibu ile ndani ya nyumba ya mumewe. Lakini nilikuwa na hasira, na mpaka leo sijui nilimkasirikia nani.

Jumamosi asubuhi Zenon alikwenda kwa Bi Ummy kumweleza yote. Mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Bi Ummy akasema, "Liache paa. Mimi naondoka, Baba Timoth. Wewe unabaki na mkwe wako."

Mchana alikuja na fimbo yake. Baltazari alikuwepo, amevaa koti la kanisani. Bi Ummy alimpa pole ya kazi, akamshukuru kwa jina la binti yake, Baba Rozina, akapitisha kiganja juu ya bati. Akaingia. Zenon akawasha, na injini ikaitika mara moja, laini. Wakashika njia ya Matai, ileile ya kwenda Mwazye.

Kilimani, Zenon alisema, Bi Ummy alishusha kioo, akafungua pini ya ushungi. Upepo ukaingia, ukampiga shavu moja. Akasogeza kichwa dirishani, akafumba macho. Ushungi ulitikisika kidogo tu, ukatulia begani. Zenon alipunguza mwendo, kisha akaongeza, akitafuta mwendo utakaofanya kitu. Hakuupata.

"Panatosha," Bi Ummy alisema. Akabonyeza kitufe, kioo kikapanda bila sauti. Akaomba hita. Njiani kurudi alisema gari halitikisiki kabisa, na kwamba Muhidin angelipenda. Machozi yalikuwa yakimtoka, naye hakujisumbua kuyafuta.

Zenon alimshusha nyumbani kwake. Alirudi peke yake, akaegesha, akabaki ndani na mikono kwenye usukani. Nilikuwa mlangoni kwangu na turubai mikononi, limekunjwa vizuri, sijui kwa nini nililitoa. Baltazari, ambaye alikuwa amesubiri muda wote juani, alisogea, akainama, akapiga makofi.

"Mkwe," aliuliza, "mama amesafiri salama? Baridi haikumsumbua?"

Zenon alishuka polepole kwa sababu ya mgongo. Akainama naye, akapiga makofi.

"Salama, mkwe," alisema. "Upepo haukumpata."

Baltazari alitabasamu, mzee wa watu, akavaa kofia yake, akaenda zake nyumbani na furaha.